Ibanez SR300E chini ya vumbi la Lubumbashi

Ibanez SR300E, gita ya besi ya umeme yenye nyuzi nne, ina uzito wa kilo 3 na nusu hivi, ikipungua au kuzidi kidogo kulingana na ubao uliotumika. Besi ya kawaida ya mtindo wa Jazz, ile iliyozoeleka katika orkestra za Kamalondo na Kenya, komuni za hapa Lubumbashi, hufika kilo 4 na kupita. Nusu kilo ukiwa dukani huisikii. Begani, katika ibada inayoanza saa tatu asubuhi na kwisha saa saba, utaisikia, na ndiyo maana wapigaji wa kwaya wanaisifu gita hii kuliko wapigaji wa baa.

Wepesi wake unatokana na umbo. Tangu familia ya SR ianze mwaka 1987, mwili umekuwa mdogo, mwembamba kwenye kingo, na umechongwa mgongoni ili ulale kwenye mbavu. Pembe ya juu ni ndefu, hivyo kichwa hakivuti sana kuelekea sakafuni. Hata hivyo mkanda wa nailoni unaoteleza utaharibu mizani hiyo. Vaa mkanda mpana wa ngozi au wa kitambaa kizito, na kwenye kila pini ya mkanda pachika kipande cha mpira wa chemba ya baiskeli chenye tundu katikati. Pini zake ni ndogo, na mkanda mpya huchomoka ukiinama.

Shingo ndiyo inayogawanya watu. Unene wake ni milimita 19.5 kwenye freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) na 21.5 kwenye freti ya 12. Upana pale juu, nyuzi zinapopita kuingia kichwani, ni milimita 38. Anayetoka kwenye besi ya Precision yenye shingo nene huilalamikia: kidole gumba kinakosa pa kuegemea, mkono unabana kupita kiasi, na baada ya nyimbo kadhaa kiganja kinauma. Dawa ni kulegeza mkono, maana nyuzi zikiwa zimeshushwa vizuri hazidai nguvu. Kwa wenye vidole vifupi, na kwa yeyote anayepiga sebene, ile sehemu ya haraka ya kuchezea dansi, shingo hii ni raha tupu. Freti ziko 24, na ukato wa chini unaruhusu mkono kufika hadi mwisho bila kupinda kifundo. Urefu wa uzi ni milimita 864, sawa na besi nyingi, kwa hiyo nyuzi zozote za kawaida zinaingia. Ukinunua, chukua seti ya 45 hadi 105.

Sasa sauti. Kuna mikro mbili za kunasa mtetemo wa nyuzi (ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi huziita pikapu) na butoni tano: sauti, mizani ya mikro, halafu sauti za chini, za kati na za juu. Pembeni ipo swichi ndogo ya ngazi tatu ambayo wengi huichezea siku ya kwanza na kuisahau. Ngazi moja inatumia koili zote mbili za kila mikro, sauti inakuwa nene na tulivu. Nyingine inaacha koili moja tu: sauti nyembamba, safi, unasikia hata ukucha ukigusa uzi. Ya tatu, Power Tap, ni ile ya koili moja ikiongezewa uzito wa chini. Rumba ya polepole inapendeza kwenye Power Tap. Sebene iache kwenye koili moja, ili noti fupi zisikike zikikatika wala zisitapakae. Lakini umeme ukikatika na ukumbi ukahamia kwenye grupu (jenereta), rudi haraka kwenye koili mbili. Koili moja hunasa mvumo, na grupu isiyofungwa waya wa ardhini itakuimbia wimbo wake katikati ya wimbo wako.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba SR300E "inapotea" mara tu ngoma na kibodi zinapoingia. Aghalabu kosa si la gita. Mtu yuko nyumbani peke yake na ampli ndogo: anapandisha chini hadi mwisho, anapandisha juu hadi mwisho, anashusha kati, na sauti inampendeza. Kesho yake ukumbini, sehemu ya chini imeshachukuliwa na ngoma ya mguu na mkono wa kushoto wa mpiga kibodi, ile ya juu inamilikiwa na matoazi, na yeye mwenyewe ameifuta sehemu pekee iliyobaki wazi. Anza hivi: butoni zote tatu katikati kabisa, kati ipande kidogo, chini ishuke kidogo kuliko unavyotamani, sauti kwenye robo tatu. Pima ukiwa umesimama mita kumi mbele ya spika, kwani pale karibu na ampli masikio yanadanganya. Ukiingia moja kwa moja kwenye mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), taa nyekundu ikiwaka punguza kwanza nguvu ya kuingilia kwenye mikisa yenyewe, usikimbilie butoni za gita. Saketi ya ndani inasukuma kwa nguvu, na spika za inchi 12 za kumbi zetu nyingi hazipendi kulishwa chini nyingi hivyo. Koni inagonga, halafu inapasuka.

Saketi hiyo inakula betri moja ya mraba ya volti 9, na hapa ndipo gita hii inapowaaibisha watu. SR300E haina njia ya kupiga bila betri. Nduguye SR500E ana swichi ya kuruka ekolaiza, kwa hiyo betri ikifa anaendelea. Huyu akikosa betri ananyamaza kabisa. Na hafi ghafla. Kwanza noti kali za uzi wa mi, ule mnene kuliko yote, zinaanza kukwaruza, kama spika iliyochanika. Mpigaji anailaumu ampli, anabadilisha kebo, anamgombeza fundi wa sauti. Kisha sauti nzima inashuka, anaongeza butoni, inakwaruza zaidi. Ukisikia mkwaruzo unaotokea tu unapopiga kwa nguvu, usitafute mbali: badilisha betri. Ukiwa na kipimo cha umeme, betri mpya ya alkaline inaonyesha zaidi kidogo ya volti 9. Ikishafika 7 na kitu, itoe kabla ya Jumapili.

Kinachoimaliza mapema si kupiga, ni jeki. Kuchomeka kebo ndiko kunakowasha saketi, hata ampli ikiwa imezimwa, hata umeme ukiwa umekatika mji mzima. Gita iliyoachwa na kebo yake kwenye stendi ya kanisa toka mazoezi ya Alhamisi hadi Jumapili inakula betri usiku na mchana. Jambo jingine, kwepa betri za bei ya chini kabisa za sokoni, zile za kaboni. Hazidumu, na zikisahaulika ndani huvuja maji yanayokula vibati vya mguso hadi vinageuka kijani. Ikishatokea, kwangua kwa msasa laini sana, futa kwa spiriti, subiri ikauke.

Tundu la jeki nalo ni la kuangaliwa. Nati yake hulegea. Ukiikaza kutoka nje bila kushika kitu kilicho ndani, tundu zima linazunguka na nyaya zinajisokota hadi moja inakatika kwenye risasi ya kulehemu. Fungua kifuniko cha nyuma, shika tundu kwa vidole, ndipo ukaze nati. Butoni zikianza kuchacharika, mara nyingi ni vumbi letu jekundu. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, zungusha butoni mara ishirini hivi, acha ikauke. Usipulizie mafuta ya kulainisha bawaba, yanabaki ndani na kuvuta vumbi zaidi.

Kiangazi cha hapa, toka Mei hadi Septemba, kinastahili kuelezwa taratibu, sababu wauzaji hawakitaji. Hewa inakauka, ubao unasinyaa upande wa upana, chuma cha freti hakisinyai. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo mwezi wa Agosti: ncha za freti zimetokeza na zinakwaruza kama msumeno mdogo. Gita haijaharibika. Tia sifongo chenye unyevu, kilichokamuliwa vizuri, ndani ya kisanduku cha sabuni chenye matundu, ukiweke kwenye begi la gita na kulifunga. Ukifanya hivyo tangu Juni, huenda ncha zisitokee kabisa. Kama zimeshatokeza, fundi azipige tupa polepole, na azipige wakati huohuo wa ukavu. Akifanya hivyo wakati wa mvua, Agosti ijayo zitarudi. Ubao wa vidole, jatoba kwenye nyingi za toleo hili, unaweza kupakwa mafuta ya ubao, tone chache tu kwa mwaka. Mawese na mafuta ya kupikia huoza na kunata. Yaache jikoni.

Shingo nayo inatembea na majira. Kwenye ukavu mara nyingi inanyooka kupita kiasi na nyuzi zinagonga freti za mwanzo. Mvua zikija inajikunja mbele na nyuzi zinapanda. Kupima ni hivi: bonyeza uzi wa mi kwenye freti ya 1, bonyeza pia kwenye freti ya mwisho, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 8. Iwe milimita 0.3 hadi 0.4, takriban unene wa kadi ya biashara ya karatasi. Ikiwa hakuna nafasi, legeza chuma cha shingo (fimbo iliyo ndani yake ya kuinyoosha) kwa kuzungusha kinyume cha saa, ikizidi, kaza. Robo mzunguko tu, rudisha nyuzi kwenye sauti, acha mpaka kesho, pima tena. Ufunguo ukigoma, simama hapo hapo: nati iliyochubuka inagharimu shingo nzima. Urefu wa nyuzi kwenye daraja ushughulikiwe mwisho, milimita 2 hadi 2.5 kwa mi na 1.5 hadi 2 kwa sol, uzi mwembamba, ukipimia freti ya 12.

Nyuzi nne au tano? Kwa rumba na sebene, nne zinatosha, na vidole vinashukuru. Kwaya ni habari nyingine. Wapiga kibodi wanapenda kupandisha na kushusha waimbaji kwa butoni ya kubadilisha tonali, na ghafla uko kwenye re bemol au mi bemol. Uzi wa mi ulio wazi hauwezi kushuka huko, unalazimika kupiga juu, na wimbo unakosa msingi. Hapo SR305E, nduguye yenye uzi wa tano wa si chini ya mi, ina maana yake. Ila nyuzi zake zimesogeleana, milimita 16.5 kati ya moja na nyingine kwenye daraja badala ya 19, na anayepiga kwa kugonga gumba ataona finyu. Kwa maoni yangu, asiyecheza kwaya kila wiki asilipie uzi wa tano ambao utakuwa unavuma bure wakati anapiga mingine minne.

Gita nyingi zilizotumika huingia kwa njia ya Kasumbalesa kutoka kusini, na bei hutajwa kwa dola. SR300E inatengenezwa Indonesia: nambari nyuma ya kichwa huanza na herufi I, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi. Muuzaji akikuambia ni mpya na nambari inasema vingine, bei ishuke. Tazama shingo kutoka kichwani kama unavyotazama mbao sokoni, uone kama imejipinda pembeni, maana pindo hilo chuma cha ndani hakilitoi. Piga kila freti kwenye kila uzi. Zungusha kila butoni, gonga swichi ngazi zote tatu, tikisa jeki kidogo. Nenda na betri mpya mfukoni, usikubali kuambiwa "ni betri tu" bila kuhakikisha. Na ukishamaliza kujaribu, kabla hata ya kuanza kubishana bei, chomoa kebo.