Taa ya eabegi, honi iliyokufa na gereji iliyotaka kubadili kontroo boksi

Taa ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka kwenye ajali) iliwaka kwenye gari langu, nikalipeleka gereji. Nianze na la haki: mashine yao ya kupimia ni nzuri. Inasoma hadi mfumo wa eabegi, wakati vile vidude vya bei rahisi vya bluututhi vingi vinaishia kwenye injini. Toyota IST yangu ilitoa kodi, yaani namba ya hitilafu, B0101 ndani ya dakika mbili. Kwa hilo tu nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu.

Kisha fundi akazima mashine, akatoa hukumu: "Kontroo boksi," yaani kompyuta ya eabegi, "limekufa, braza. Tafuta la mtumba, kufunga tuachie sisi."

Kodi haikusema hivyo. B0101 kwenye Toyota za umri huo maana yake saketi ya eabegi ya dereva haipitishi umeme: kuna mahali waya umekatika au plagi imelegea. Ingekuwa shoti, waya zimegusana, ingesoma B0100. Toyota za baadaye zinaandika B1801 na B1800, habari ni ileile. Boksi ndilo lililoona kasoro na kuwasha taa. Mlinzi kapiga filimbi, wewe unamfukuza mlinzi?

Nikamwambia honi nayo haipigi. "Hiyo kazi nyingine, tutaiangalia baadaye." Hapo ndipo damu iliponichemka. Honi na eabegi ya dereva hupita njia moja, spairo kebo, ule utepe wa waya uliojiviringa nyuma ya usukani. Vikifa pamoja, fundi anayejua kazi anaanzia hapo.

Nilipobisha akaamua kunionyesha. Akachomoa eabegi huku betri iko hai, akachomeka ncha za mita kwenye pini za eabegi yenyewe! Mita ikiwa kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, hutoa umeme wake. Za dijitali nyingi hutoa kidogo sana, sawa, lakini maelekezo ya Toyota yanakataza kabisa, kwa sababu kinachowasha baruti ya mle ndani ni umeme, na yeye uso wake ulikuwa umeinamia palepale. Kumkataza, jibu: "Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

Haya, fundi, inapimwa hivi. Zima swichi, toa teminali hasi ya betri, subiri sekunde 90. Si mbwembwe: boksi lina kapasita zinazotunza umeme wa kufyatulia eabegi hata betri ikikatika kwenye ajali. Legeza skrubu mbili za pembeni mwa usukani kwa biti ya T30, toa eabegi, ilaze mezani uso juu. Ikilazwa kifudifudi ikafyatuka, inaruka nzima. Kwenye plagi ya njano ilikotoka, weka rezista (kikinzani kinachosimama badala ya eabegi) ya omu 2. Eabegi yenye plagi mbili inataka rezista mbili. Rudisha betri, washa swichi, futa kodi, subiri dakika moja. Kodi isiporudi, mbovu ni eabegi. Ikirudi, toa betri, sekunde 90 tena, hamishia rezista kwenye plagi ya waya inayoingia chini ya spairo kebo, urudie kupima. Kodi ikipotea hapo, spairo kebo imekatika. Ikiendelea, fuata waya hadi kwenye boksi. Boksi ni la mwisho kushtakiwa.

Na atakayepima waya mtupu kwa mita, eabegi na boksi vikiwa vimechomolewa, ajue kwamba plagi hizi za njano zina kibati cha springi kinachogusanisha pini mbili plagi ikichomoka, ili eabegi isifyatuke kwa bahati mbaya. Usipokitenga kwa kipande cha plastiki utaona shoti ambayo haipo. Maboksi mazima yanatupwa kwa ujinga huu.

Kodi ya gari langu ilipotea kwenye hatua ya pili, kwa fundi mwingine. Spairo kebo ya mtumba haikufika hata theluthi ya bei ya lile boksi.

Lakini wale wa gereji ya kwanza walikuwa na dawa nyingine ya bei nafuu: wang'oe taa ya dashibodi. Kwa hiyo unaponunua gari, washa swichi uangalie. Taa ya eabegi iwake kama sekunde sita, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu alishapita humo.

Spairo kebo huchoka kwa umri, ila mara nyingi inakatwa na mkono wa fundi. Ukishusha stelingi reki, chuma kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye matairi, bila kufunga usukani ukae sawa, usukani unazunguka bure, na ukirudishiwa utepe umepitiliza mzunguko. Siku utakapokata kona hadi mwisho, unavutika na kukatika. Inatakiwa kuzungusha spairo kebo taratibu kinyume cha saa hadi igome, kisha kuirudisha kama mizunguko miwili na nusu, alama zikutane, ndipo usukani ufungwe.

Sasa nani alishusha reki ya gari hii wiki kadhaa nyuma? Haohao! Nimefika hapa nikiandika ndipo nimeunganisha. Zile nyota tatu nazifuta. Inabaki moja, nayo ni ya mashine, si yao.

Honi sasa inapiga vizuri. Niliijaribu mbele ya geti lao.