Vikombe vya chuma vya Kamukunji kwa chai ya baada ya ibada

Kanisa linalonywesha chai watu 200 kila Jumapili hutupa vikombe 200 vya karatasi. Vina utando wa plastiki ndani, kwa hiyo haviozi vizuri, na taka za Nairobi huishia kwenye jalala la Dandora. Vikombe vya chuma kisichoshika kutu vinavyouzwa kwa jumla Kamukunji, soko la jijini humo, ni mbadala mzuri kweli. Nunua 220, maana havikosi kupotea. Kabla ya kulipa, vuta mkono wa kikombe: uliochomelewa kwa vitone viwili tu hung'oka mapema.

Kasoro yake kubwa ni joto. Ukuta ni mmoja, chai inayochemka huunguza midomo; watoto wamiminiwe nusu, ikishapoa.

Kuosha ndiko kunakoshinda makanisa mengi. Panga beseni tatu: maji moto yenye sabuni, kisha maji safi mara mbili. Ya kwanza yamwagwe kila baada ya vikombe 50 hivi, kwani yakijaa mafuta ya maziwa hayasafishi tena. Anika vikombe vikiwa vimefudikizwa kwenye waya. Vikirundikwa na maji, vinanasana na kunuka. Majani ya chai yapelekwe kwenye maua ya kanisa, yasizibe sinki.