Manga za vichekesho vya shule ya sekondari: uanze kununua ipi?

Anayenunua manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, kwa mara ya kwanza huvutwa na jalada. Ningependa aanze na mgongo wa kitabu, pale penye nambari ya juzuu. Nambari hiyo ndiyo itakayoamua atatumia fedha kiasi gani na kama ataufikia mwisho wa hadithi. Juzuu moja kwa Kiingereza huuzwa takribani dola 10 hadi 14 za Marekani kabla ya gharama ya usafirishaji. Kwa hiyo mfululizo wa juzuu 4 na ule wa juzuu 28 ni manunuzi mawili tofauti kabisa, hata vikipangwa rafu moja.

Msimamo wangu ni huu: nunua kwanza mfululizo mfupi, uliokwisha, ambao kicheko chake kinatoka katika tabia za wahusika. Mvivu, mwenye kiburi, mwenye haya, hawa tumesoma nao sote. Utani unaomtaja mtangazaji fulani wa televisheni ya Japani hufika kwetu umechoka, na mfasiri awe hodari vipi hawezi kuuokoa wote. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kupanga orodha hii.

Kwa mgeni kabisa: kitabu hufunguliwa kutoka kulia, na picha za kila ukurasa husomwa kulia kwenda kushoto. Aliyesoma msahafu chuoni mkono wake umeshazoea. Wengine watahitaji kurasa chache tu. Shule zenyewe ni za miaka mitatu, wanafunzi wana miaka 15 hadi 18, mwaka huanza Aprili, na karibu kila mfululizo utapitia siku ya michezo, tamasha la utamaduni, safari ya shule na hofu ya mitihani ya kuingia chuo kikuu.

1. Azumanga Daioh

Kiyohiko Azuma aliichora kuanzia 1999 hadi 2002. Sehemu kubwa ni vipande vya picha nne zinazoshuka wima, kila kipande na kicheko chake. Japani ilitoka kwa juzuu 4, na mwaka 2009 wachapishaji Yen Press walizikusanya zote kwa Kiingereza katika kitabu kimoja kinene. Ukikipata hicho umemaliza: hadithi nzima iko mkononi, tangu wasichana wanapoingia mwaka wa kwanza hadi mahafali.

Ila hata kingekuwa vitabu vitano ningekiweka juu, kwa sababu ya watu waliomo. Chiyo ana miaka kumi, amerushwa madarasa kwa akili zake, na anajitahidi kwenda sambamba na wasichana wanaomzidi kimo na umri. Sakaki ni mrefu na mkimya, wenzake wanamwona jasiri asiyejali lolote, kumbe moyo wake wote uko kwa paka, na kuna paka mmoja wa mtaani anayemng'ata kila akinyoosha mkono kumpapasa. Vuta subira mpaka wafike Okinawa katika safari ya shule. Yupo pia Osaka, aliyehamia kutoka mji wa jina hilo. Darasa linamtarajia awe mchangamfu na mwenye maneno mengi kama wanavyowafikiria watu wa huko, naye anakaa kimya akiwaza mambo ambayo hakuna mtu mwingine angeyawaza. Mwalimu wao, Yukari, ni mvivu kuliko wanafunzi wake. Hakuna tukio kubwa linalotokea, na bado ukifika kwenye mahafali koo linakaba.

Mzazi anayemnunulia mtoto ajue kuna mwalimu mwingine, Kimura, ambaye utani wake ni kuwatamani wanafunzi wa kike waziwazi. Mambo hayo hayaendi zaidi ya maneno na macho, lakini mimi hayanichekeshi, na ndiyo doa pekee ninaloliona katika kitabu hiki.

2. Haven't You Heard? I'm Sakamoto

Juzuu 4, zote zimetolewa kwa Kiingereza na Seven Seas. Nami Sano, aliyefariki mwaka 2023, alichukua wazo moja akalifanyia kazi mpaka likaiva: mwanafunzi anayefanya kila jambo kwa umaridadi usio na kasoro. Wakorofi wa darasa wanamtegea mitego, na kila mtego unaishia kumpendezesha zaidi. Nyigu akiingia darasani, Sakamoto anapambana naye kwa bikari kana kwamba ameshika upanga. Michoro imetulia na ni makini sana, na umakini huo ndio unaochekesha. Wazo lenyewe lisingehimili juzuu 10. Sano alijua wapi pa kusimama, na kwa mwenye fedha kidogo huu ndio ununuzi salama kuliko wote.

3. Kaguya-sama: Love Is War

Kwa ustadi wa uandishi peke yake ningeiweka ya kwanza. Imeshuka kwa sababu ya mfuko wa mnunuzi: juzuu 28, kazi ya Aka Akasaka iliyoanza 2015 na kumalizika 2022, ikatunukiwa tuzo ya manga ya Shogakukan njiani. Kwa Kiingereza inatolewa na Viz.

Rais wa baraza la wanafunzi, Miyuki Shirogane, na makamu wake, Kaguya Shinomiya, wanapendana. Kila mmoja anaamini atakayetamka kwanza ameshindwa, basi wanatumia akili zao zote kumtega mwenzake aseme yeye. Mwaliko wa sinema tu unakuwa vita. Halafu anaingia Chika Fujiwara, ambaye haelewi kinachoendelea, na hesabu zote zinavurugika. Chini ya mchezo huo kuna jambo zito lililochorwa kwa uangalifu: Kaguya ni binti wa moja ya familia tajiri kuliko zote nchini, Shirogane anafanya vibarua na kukesha akisoma ili asionekane mdogo miongoni mwa watoto wa matajiri. Kiburi cha wote wawili kinatokana na hofu, na Akasaka anakwambia hivyo polepole, kicheko baada ya kicheko.

Ushauri wangu ni kununua kidogo kidogo, hadi tamasha la utamaduni lililo katikati ya mfululizo. Pale pana pumziko la kweli. Juzuu za mwisho zinageukia ugomvi wa familia ya Shinomiya, vichekesho vinapungua, na wapo wasomaji wengi wasiozipenda. Mimi nazipenda kiasi.

4. Nichijou

Ni kazi ya Keiichi Arawi. Awamu ya kwanza ni juzuu 10, za 2006 hadi 2015, na wachapishaji Vertical walizitoa zote kwa Kiingereza. Mwaka 2021 mwandishi alirudi kuiendeleza, lakini zile 10 zinajitosheleza. Hapa kuna msichana roboti mwenye ufunguo mkubwa mgongoni anaoutamani utolewe, mvumbuzi wake mwenye miaka minane, paka anayezungumza, na mkuu wa shule anayepigana mieleka na kulungu. Wengine hucheka hadi machozi, wengine hufunga kitabu na kuuliza kimetokea nini. Soma sura mbili kabla ya kulipa.

5. Daily Lives of High School Boys

Yasunobu Yamauchi, juzuu 7. Wavulana watatu wa shule ya wavulana watupu, hawana la kufanya, na upuuzi wao una ukweli mtupu. Tafuta sehemu ya kijana anayesoma kando ya mto na msichana anayesubiri aseme maneno ya kimapenzi kuhusu upepo. Juzuu ya kwanza inatosha kwa wengi.

Mifululizo inayofuata naitaja kwa haraka. Ouran High School Host Club ya Bisco Hatori, juzuu 18, ni chaguo zuri kwa apendaye mapenzi na vichekesho pamoja: msichana wa ufadhili anavunja chombo cha yeni milioni 8 katika shule ya matajiri na kulazimika kulipa deni akidhaniwa mvulana. Inauzwa pia kwa seti ndani ya sanduku moja. Komi Can't Communicate ya Tomohito Oda inaanza vizuri mno, binti asiyeweza kuzungumza na watu anayetaka marafiki 100, lakini imepita juzuu 30 na marafiki wengi wana utani mmoja tu unaorudiwa. Nunua mbili za mwanzo. Cromartie High School ni ya kuchekesha kweli, ila matoleo yake ya Kiingereza ya karatasi yaliishia juzuu ya 12 kati ya 17, kwa hiyo anayekuuzia "seti kamili" ya Kiingereza iliyotumika muulize anamaanisha nini.

Kuhusu mahali pa kununulia: duka la vitabu la Kinokuniya ndani ya Dubai Mall lina sehemu kubwa ya manga, na mwenye ndugu anayesafiri kutoka huko ataokoa gharama ya kifurushi. Duka la mtandaoni la BookWalker huuza nakala za kusoma kwenye simu, na programu ya MANGA Plus ya mchapishaji Shueisha hutoa bure sura za mwanzo za mifululizo yake mingi, njia halali ya kuonja. Anayesoma Kifaransa, kama wasomaji wengi wa Kongo na Burundi, atapata Kaguya-sama na Komi kutoka kwa mchapishaji Pika nchini Ufaransa. Lugha yoyote utakayochagua, kabla ya kulipia juzuu ya kwanza hakikisha ile ya mwisho nayo imeshatolewa kwa lugha hiyo na bado inauzwa.