Kadi ya grafiki ya kununua Uganda: nazipanga kuanzia ya kwanza

Nikiulizwa leo kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu, inayomfaa mtu wa Kampala, Mbarara au Arua anayetaka kucheza gemu kubwa kwa raha, naitaja Radeon RX 9070, ile ya kawaida isiyo na XT mwishoni. Ina memori ya GB 16, inakula wati 220, na pawa saplai nzuri (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 650 inaitosha. AMD waliitoa Machi 2025 kwa dola 549. GeForce RTX 5070 ya NVIDIA ilitoka mwezi huohuo kwa bei hiyohiyo, lakini memori yake ni GB 12 na inakula wati 250. Kwa skrini ya pikseli 2560 kwa 1440, ambayo naona ndiyo saizi bora kwa anayeanza kununua vitu vya nguvu, RX 9070 inacheza karibu kila kitu kwa mipangilio ya juu.

Mafundi wengi watakuelekeza kwa kaka yake, RX 9070 XT. Ina kasi zaidi kwa zaidi ya asilimia 10, hilo halina ubishi. Ila inakula wati 304, na kwa umeme wetu hizo wati 84 za ziada zinakufuata hadi kwenye pawa saplai, kwenye UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika) na kwenye joto la chumba. Ndiyo maana naanza na umeme kabla ya kuendelea na orodha.

Umeme kwanza

Yaka yenyewe, yaani umeme wa kulipia kabla, haiumi sana. Ukicheza saa nne kila siku, wati 84 ni uniti 10 kwa mwezi, na kwa bei ya nyumbani inayopita kidogo shilingi 700 kwa uniti, umeongeza kama shilingi 7,500. Unaoumiza ni mzigo wa papo hapo. UPS za VA 650 (VA ni kipimo cha ukubwa wa UPS) zinazokaa chini ya meza za ofisi zetu hutoa wati 360 hadi 390 tu. Kompyuta yenye RX 9070 XT, prosesa nzuri na skrini inaweza kupita wati 450 gemu inapokolea, kwa hiyo umeme ukikatika UPS hiyo inalemewa na kila kitu kinazima palepale. Kwa RX 9070, UPS ya VA 1,000 inatosha na nafasi inabaki. Kwa XT na kwenda juu, tafuta ya VA 1,500.

Pawa saplai ndiyo sehemu ambayo watu wanaibania pesa kuliko zote, na inanisikitisha kila mara. Chukua ile nyeusi inayouzwa pamoja na kasha, iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa. Igeuze ubavuni usome jedwali dogo, mstari wa +12V. Ukikuta ampea 20, zidisha kwa 12: unapata wati 240. Hizo ndizo kadi na prosesa zitakazogawana, hata kibandiko kiseme nini. Ipime na mkononi. Ikiwa nyepesi, nyaya zake nyembamba na haina nembo ya 80 Plus, ile ya kuthibitisha haipotezi umeme mwingi, iache dukani. Ukiwa na milioni mbili na laki tano za kompyuta nzima, toa kwanza pesa za pawa saplai ya kampuni inayojulikana, ndipo uhesabu kadi.

Umeme unaporudi baada ya kukatika mara nyingi huja kwa kishindo, kwa hiyo weka kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Na huku kandokando ya Ziwa Victoria, radi ikianza, chomoa plagi ukutani.

Ya pili hadi ya tano

Nafasi ya pili naipa Radeon RX 9060 XT ya GB 16, na nadhani wengi wanaosoma hapa hii ndiyo yao. Ilitoka Juni 2025 kwa dola 349. Ukihesabu dola kwa shilingi 3,600, hiyo ni kama milioni 1.25 kabla ya usafiri na kodi. Inakula wati 160, pawa saplai ya wati 450 inaibeba, na nyingi zinahitaji kebo moja tu ya pini 8. Kwa skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inatosha kabisa: EA Sports FC, Call of Duty, GTA V na gemu mpya nyingi zitapita fremu 60 kwa sekunde bila wewe kushusha vitu.

Kuwa makini na jambo moja. Ipo RX 9060 XT nyingine ya GB 8, iliyotoka kwa dola 299. Jina ni lilelile, boksi zinafanana, na tofauti ni tarakimu iliyoandikwa pembeni. Usiichukue. Gemu za miaka hii zinajaza GB 8 hata kwenye skrini ya kawaida, na memori ya kadi ikijaa, picha zinaanza kuvutwa kutoka RAM ya kompyuta kupitia ubao mama (motherboard). Hapo gemu inakwama kwa vipande vya sekunde, unageuka na adui ameshakupiga. Kwenye ubao mama wa zamani wenye tundu la kadi la PCIe 3.0 hali inakuwa mbaya zaidi, hasa kwa kadi kama RTX 5060 na 5060 Ti zinazopitisha data kwa njia nane tu za tundu hilo badala ya 16. Nimeshaona vijana wakilaumu prosesa kwa tatizo hili, wakabadilisha prosesa, na likabaki palepale. Kwa hiyo kwangu kadi yoyote mpya ya GB 8 imeshatoka kwenye orodha, iwe ya AMD au ya NVIDIA.

Ya tatu ni GeForce RTX 5070 Ti. Bei yake ya kutoka ilikuwa dola 749, ina GB 16 za memori ya GDDR7, inakula wati 300 na inataka pawa saplai ya wati 750. Kwa kucheza tu siwezi kumshauri mtu aongeze dola 200 juu ya RX 9070. Lakini kama mchana unahariri video za kwanjula (sherehe ya utambulisho) na harusi, au unafanya kazi za michoro ya 3D kwenye Blender, programu nyingi za kazi hizo zimejengwa juu ya CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia mahesabu kwenye kadi, na kadi itakurudishia pesa yake. Pia gemu zenye miale ya mwanga inayokokotolewa moja kwa moja (ray tracing), kama Cyberpunk 2077, zinaonekana na kwenda vizuri zaidi hapa. Kumbuka tu kwamba inatumia kile kiunganishi kidogo cha pini 16. Kiunganishi cha aina hiyo ndicho kilichoyeyuka kwenye baadhi ya RTX 4090 kuanzia mwishoni mwa 2022, na tangu hapo kimerekebishwa, lakini tahadhari ni zilezile: kisukume mpaka kizame chote, na usiikunje kebo karibu na kadi. Kama kioo cha kasha kinaibana, badilisha kasha.

RX 9070 XT inafuata, ya nne. Ni kadi nzuri sana kwa mwenye umeme wa kuaminika na UPS kubwa. Ukikuta duka linaiuza bei moja na RX 9070, ichukue, kisha uingie kwenye programu ya AMD ushushe kikomo cha nguvu kwa asilimia 10. Utapoteza fremu chache tu na feni zitatulia.

Ya tano ni RTX 5060 Ti ya GB 16, dola 429, wati 180. Inashindana na RX 9060 XT ya GB 16 na kasi zao zinakaribiana, ila hii ilitoka ghali kwa dola 80. Kwenye maduka ya Kampala NVIDIA ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, na wakati wa kuuza inaondoka haraka. Pengo la bei likiwa dogo hapo dukani, sitakuzuia.

Intel Arc B580 ina GB 12 kwa dola 249 na inavutia, lakini inahitaji prosesa ya miaka ya karibuni na ubao mama wenye Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja. Ukiifunga kwenye kompyuta ya zamani inapoteza nguvu nyingi. RTX 5080 ina GB 16 zilezile za 5070 Ti kwa dola 999. RTX 5090 ina GB 32, inakula wati 575, na dola zake 1,999 ni zaidi ya milioni saba. Kwa pesa hizo karibu unapata kompyuta nzima yenye RX 9070, skrini ya 1440 na UPS.

Dola zote nilizotaja ni bei za siku kadi zilipotoka. Mwishoni mwa 2025 bei za memori zilipanda dunia nzima kwa sababu viwanda vinauzia vituo vya akili mnemba, na kadi zenye memori nyingi zinaguswa. Ukikuta GB 16 kwa bei iliyo karibu na hizi, usingoje.

Kompyuta ya ofisi na kadi za mtumba

Wengi wetu tunaanzia kwenye Dell OptiPlex au HP EliteDesk iliyotumika Ulaya. Nyingi za mashine hizo zina pawa saplai ndogo, nyingine chini ya wati 250, na hazina kebo ya ziada ya kadi. Zinabeba tu kadi inayopata umeme wake wote kutoka kwenye ubao mama, yaani isiyozidi wati 75. Hapo nunua RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 na inayokula wati 70, na kwa kasha jembamba chagua toleo fupi. Usichanganye na RTX 3050 ya GB 8, hiyo inakula wati 130 na inataka kebo. HP Z440 ni habari nyingine: nyingi zina pawa saplai ya wati 700 na zinabeba kadi ya kweli, mradi ukague pawa saplai na aina ya kebo zake kabla.

Kwa mtumba, kadi ninayoipenda ni RTX 3060 ya GB 12 ya mwaka 2021, wati 170. RX 6700 XT, pia GB 12, ina kasi zaidi lakini inakula wati 230. Ziache RX 580 na GTX 1660 Super hata kama bei ni tamu. Hazina sehemu ya kukokotoa miale ya mwanga, na gemu kama Doom: The Dark Ages ya 2025 zinaidai. RX 580 nyingi zinazozunguka pia ni zile za 2048SP, dhaifu kuliko RX 580 kamili.

Muombe muuzaji aiwashe mbele yako. Kabla ya kuifunga, itazame kwenye mwanga: tundu la kebo liwe safi bila plastiki iliyobadilika rangi, na feni ukiisukuma kwa kidole izunguke bila kuyumba. Mafuta yanayong'aa pembezoni mwa ubao yanatoka kwenye pedi za joto zilizochoka, dalili ya kadi iliyofanya kazi mfululizo. Kadi nyingi zilichimba sarafu ya Ethereum hadi Septemba 2022, kisha zikamwagwa sokoni. Fungua GPU-Z, programu ya bure inayoonyesha habari za kadi, usome jina na kiasi cha memori, maana zipo kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijiite GTX 1050 Ti, na GPU-Z huzitambua na kuandika kwamba ni bandia. Halafu washa FurMark, programu ya kuipa kadi mzigo mzito, kwa dakika 15. Skrini ikitoa vidoa au kuzima, au joto likipanda bila kutulia, mshukuru muuzaji uondoke.

Inunuliwe wapi

Kampala Road na mitaa ya jirani ina maduka yanayoagiza kwa oda. Nairobi ina aina nyingi zaidi, na kadi inaweza kupanda basi la usiku kupitia Busia au Malaba. Dubai, kwenye maduka ya kompyuta ya Bur Dubai, bei mara nyingi ni nafuu, na mgeni anaweza kudai sehemu kubwa ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 5 akiwa uwanja wa ndege. Ukimwagiza ndugu aliyeko kyeyo, yaani anayefanya kazi nje ya nchi, mwambie aje na risiti yenye jina kamili la kadi. Maafisa wa URA, mamlaka ya mapato, pale uwanja wa ndege wa Entebbe wasipoona risiti watakadiria thamani wenyewe, na VAT yetu ni asilimia 18.

Kabla ya kulinganisha bei hizo, uliza dhamana iko wapi. Kadi ya Dubai ikifa, mara nyingi inapaswa kurudi Dubai, na gharama ni yako. Ya Kampala unairudisha kwa boda. Kwa tofauti ya laki mbili au tatu, nanunua Kampala kwenye duka linaloandika dhamana ya mwaka mzima juu ya risiti pamoja na namba ya utambulisho (serial number) iliyo mgongoni mwa kadi. Tofauti ikipita laki tano, naagiza Dubai.