Mnunuzi wa Kutumwa wa Ngamiani, Baada ya Miezi Mitano

Mimi ni mgeni wa Tanga, mmoja wa wale "waja leo" ambao hawajaondoka, na kazi yangu huniweka Pongwe tangu asubuhi hadi jioni. Kwa sababu hiyo, kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikimlipa mwanamke mmoja mkazi wa Ngamiani aninunulie vitu ambavyo nisingeweza kuvifuata sokoni kwa wakati unaofaa. Wateja wake humwita Shangazi, nami nitafuata mazoea hayo. Kwa miaka mingi majirani walikuwa wakimtuma bure, kwa kuwa kila alichorudi nacho kutoka soko la Mgandini kilikuwa kizuri kuliko chao na kilinunuliwa kwa bei ya chini. Alipoona kwamba hapati hata nafasi ya kupika kwake kwa ajili ya kutumwa, ndipo alipoanza kutoza.

Mteja hupeleka orodha kwa simu kabla ya saa mbili usiku, akitaja kiasi cha juu kabisa anachoweza kulipa, kisha hutuma fedha. Kesho yake Shangazi hutoka na baiskeli yake, na jioni huleta vitu pamoja na daftari lenye bei mbili kwa kila kitu, yaani ile aliyotajiwa kwanza na ile aliyoilipa. Ujira wake ni sehemu moja ya tano ya tofauti iliyopo kati ya bei hizo. Samaki peke yao wana ada yao, shilingi 3,000 kwa safari, hata akirudi mikono mitupu.

Katika samaki sijaona wa kumshinda. Hufika Deep Sea, kwenye soko la samaki, vyombo vinapoingia, lakini kazi yake huanza siku nyingi kabla ya hapo, kwa kuutazama mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika na bei hupanda. Nilipoagiza dagaa wa kukaanga kwa ajili ya wageni, alinijibu, "Mwanangu, mwezi umejaa huu. Subiri siku kumi, au uwape wageni maharage." Nilisubiri, na nilipoletewa, fedha niliyokuwa nimetenga kwa ndoo moja ilitosha ndoo moja na nusu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinaposhindwa kutoka, huwaambia wateja mapema wapunguze hamu ya nguru.

Jambo lililonifanya nimwamini zaidi ni friji ambalo hakulinunua. Nilikuwa nimeliona mwenyewe kwenye duka la vyombo vya umeme vilivyotumika, safi, bei yake nusu ya jipya, nikamtuma akalichukue kabla halijapata mwenyewe. Aliligeuza, akapiga picha kibandiko cha nyuma na kunitumia bila neno lolote. Kilisomeka volti 100. Ni friji la soko la Japani, na umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo lingehitaji transfoma yenye nguvu ya kuhimili kompresa inapoanza kuzunguka, na gharama ya transfoma hiyo ingekula sehemu kubwa ya nafuu niliyoifurahia. Kwa kuwa hakukuwa na ununuzi, Shangazi hakupata hata senti kwa nusu siku aliyoipoteza.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya ujira wake: humlipa anaponunua na kumnyima anapomwokoa mteja. Zaidi ya hayo, bei ya kwanza sokoni ni salamu tu ya kuanzia mazungumzo, na si kipimo cha kitu chochote. Alininunulia kitambaa cha pazia kwa shilingi 38,000. Daftari lilionyesha kwamba alitajiwa 60,000, kwa hiyo nikamlipa 4,400. Wiki iliyofuata nilipita mwenyewe katika duka lile lile, nikaulizia kitambaa hicho hicho, nikaambiwa 42,000 bila hata kufungua kinywa cha kubembeleza. Nafuu yangu halisi ilikuwa 4,000, pungufu ya ujira wenyewe. Simtuhumu kwa udanganyifu, kwani aliandika alichotajiwa; nilimshauri tu atoze ada maalumu kwa kila safari kama afanyavyo kwa samaki. Alicheka, akasema wateja wengine wataiona ada lakini hawataiona nafuu.

Kwa bidhaa za dukani, huuliza mapema iwapo mteja anataka risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, kwa sababu wapo wauzaji wenye bei mbili, moja ya risiti na nyingine ya kimya kimya. Mimi huagiza risiti siku zote. Sheria inamtaka mnunuzi aidai, na hata bila sheria, feni yangu ilipogoma katika wiki ya tatu, karatasi hiyo ndiyo iliyonipatia nyingine.

Lawama yangu kubwa inahusu maharage. Mwezi wa nne, maagizo yalipomzidi, alimtuma kijana badala yake, naye akaniletea visado vitano kwa bei iliyonishangaza. Nilipoyapima kwa mizani ya jirani, yalipungua takriban kilo tatu, kwani yalipimwa kwa kopo lililobonyezwa kitako, hila ambayo Shangazi angeigundua kwa kulipapasa tu. Alirudisha ujira wake wote na nusu ya hasara, nami nikaona hiyo ni haki ya wastani. Kijana aliendesha baiskeli ile ile na kubeba daftari lile lile, lakini alikwenda bila vidole vya Shangazi, na mteja hajui nani ataingia sokoni kwa niaba yake mpaka mzigo umfikie.

Ningemshauri mtu anayehamia Tanga na kuanza kupanga nyumba amtumie kwa samaki, mitumba na vyombo vya umeme, na aulize kwanza kama anakwenda mwenyewe. Pazia na vitu vingine vya duka la kawaida mtu anaweza kupatana bei mwenyewe Jumamosi moja asubuhi. Orodha yangu ya mwezi huu iko tayari: shuka mbili za mtumba, pasi, na dagaa mwezi utakapofifia. Maharage nitayafuata mwenyewe, nikiwa na kisado changu mkononi.