Mdoli wa AI: upime kwa saa kabla hujatoa pesa

Ukiwa bado kaunta, kabla hujatuma M-Pesa, uulize mdoli huu wa akili bandia, unaoongea na mtoto, swali hili kwa Kiswahili: "Masomo yanaanza saa mbili asubuhi. Nikifika saa tatu kasorobo, nimechelewa dakika ngapi?" Jibu ni dakika 45. Mdoli ambao Kiswahili chake ni cha kutafsiriwa utakuletea habari za "saa nane asubuhi", kwa sababu huko ndani umewaza 8:00 ya Kizungu, ukaivika jina la Kiswahili na kusahau kutoa zile saa sita. Mtu mzima atacheka. Mtoto anayejifunza kusoma saa atabeba kosa hilo hadi daftarini.

Swali la pili liwe la wingi: ulimi. Mdoli ukijibu "ndimi", endelea na "uso". Ukijibu "maulimi", urudishe sandukuni.

Midoli inayozungumziwa hapa ni ile ya manyoya, dubu au sungura, yenye kidude cha plastiki tumboni: maikrofoni, spika, betri na chipu ya waifai. Ndiyo inayoanza kuonekana kwenye maduka ya vifaa vya simu Kisumu na Nakuru, mara nyingi ikiwa ndani ya sanduku la maandishi ya Kichina bila jina la kukumbukwa. Zile za majina ni za kuagiza nje. Ya kampuni ya Curio, kwa mfano, iliingia sokoni Marekani kwa dola 99, yaani karibu shilingi 12,800 ukihesabu dola kwa 129, na bado hujalipia usafiri na ushuru. Kwa jinsi inavyofanya kazi, midoli hii yote haipishani sana. Akili haiko tumboni. Sauti ya mtoto inasafiri hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali, inageuzwa kuwa maandishi, maandishi yanapewa modeli ya lugha, programu ya AI inayotunga majibu, jibu linageuzwa tena kuwa sauti na kurudi. Ndiyo maana mtoto husubiri sekunde kadhaa, na ndiyo maana intaneti ikikatika unabaki na dubu wa kawaida.

Hukumu kwa ufupi: kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9 anayehitaji kuzoea kuzungumza Kiingereza, mdoli mzuri unafaa. Kwa Kiswahili ni nusu kwa nusu. Kwa Dholuo, Lubukusu au Kikalenjin usitoe hata senti. Chini ya miaka 5, nunua vitabu vya picha.

Sababu ya hilo la lugha ya mama ni ya kiufundi. Programu inayogeuza sauti kuwa maandishi kwa kawaida huchagua lugha moja kwa kila kipande cha sauti. Mtoto wa Kondele, Kisumu, anaweza kuanza sentensi kwa Kiswahili, akatia neno la Dholuo katikati na kumalizia kwa Kiingereza, wala hana habari kwamba amevuka mipaka miwili. Mdoli utachagua moja na kubahatisha yaliyobaki. Usitegemee masikio yako tu: fungua historia ya mazungumzo kwenye programu ya simu inayoendesha mdoli usome ulichosikia mdoli. Hapo utajua kama jibu la ajabu limetokana na kutoelewa au na kutojua.

Sasa kuunganisha, mahali ambapo wengi hukata tamaa na kusema wameuziwa kitu kibovu. Nyingi ya midoli hii hutumia waifai ya bendi (masafa) ya 2.4 GHz peke yake. Ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, ikitoa bendi za 2.4 na 5 chini ya jina moja, mdoli unaweza kuhangaika kutafuta mtandao hadi ukachoka nao. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, tenganisha hizo mbili, ya 2.4 uipe jina lake. Kwa wanaotumia hotspoti ya simu, kwenye Android chagua bendi ya 2.4 katika mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone washa kile kitufe cha kuongeza uwezo wa kuoana na vifaa vingine (Maximize Compatibility). Mara nyingi utahitaji simu mbili, moja itoe hotspoti na nyingine iendeshe programu. Simu ya Android inayoendesha programu iruhusiwe kujua mahali ulipo wakati wa kuunganisha, vinginevyo huenda isiuone mtandao wa mdoli. Ukimaliza, ruhusa hiyo iondoe. Waifai ya shule au ya hoteli inayofungua ukurasa wa kujaza nambari kwanza haifai, maana mdoli hauna kioo cha kujazia chochote.

Bando linaliwa kidogo kuliko watu wanavyodhani, mradi sauti inabanwa, yaani inapunguzwa ukubwa kabla ya kutumwa. Kwa kilobiti 24 kwa sekunde kwenda na 64 kurudi, nusu saa ambayo mtoto anabonyeza kitufe muda wote na mdoli kujibu kwa robo saa haifiki MB 13. Sauti isiyobanwa ni habari nyingine: kwenda peke yake ni karibu MB 2 kwa kila dakika, na nusu saa hiyo hiyo inakaribia MB 60. Angalia matumizi ya hotspoti baada ya siku ya kwanza, utajua uko upande gani.

Chagua mdoli wenye kitufe cha kubonyeza ili kusema, hata kama muuzaji anausifu ule unaosikiliza wenyewe. Ule unaosikiliza wenyewe hukisia kwamba mtu amemaliza anaponyamaza kwa muda mfupi tu. Mtoto aliyeulizwa 7 na 8 ni ngapi hunyamaza, akatazama dari, akahesabu vidole. Kabla hajafika 15 mdoli umeshachukua kimya kuwa jibu na kumpongeza kwa jambo ambalo hakusema. Kitufe kinaondoa tatizo hilo, na pia kinazuia mazungumzo ya sebuleni kupelekwa kwenye seva. Kelele ni adui mwingine. Mvua ya alasiri ya Kakamega ikianza kupiga mabati yasiyo na dari, weka mdoli kando. Maikrofoni haitasikia kitu, na mtoto atajifunza kupiga mayowe.

Kinachotenganisha mdoli wa kujifunzia na wa kupoteza wakati ni maagizo unayouandikia. Programu nyingi zina sehemu ya kupanga tabia ya mdoli, na wauzaji hawaigusi kabisa. Futa hadithi za binti mfalme zilizokuja nayo uandike kitu kama hiki: "Unaongea na mtoto wa Gredi 2 nchini Kenya. Jibu kwa sentensi mbili fupi. Uliza swali moja tu kwa wakati. Usitoe jibu la hesabu kabla mtoto hajajaribu mara mbili. Kama hujui, sema hujui na umwambie amuulize mwalimu au mzazi." Bila hilo agizo la sentensi mbili, mdoli huhutubia kama mgeni rasmi, na mtoto huacha kusikiliza kabla ya dakika kuisha.

Usiuache usimulie hadithi. Hadithi zake ni za theluji na sungura wa msituni, zote zinaishia kwa kukumbatiana. Chukua hadithi ya Kiswahili kutoka African Storybook, ambayo ni bure mtandaoni, mtoto aisome kwa sauti, kisha abonyeze kitufe na kuusimulia mdoli alichosoma. Kazi ya mdoli iwe kuuliza: nani alifanya nini, kwa nini, halafu ikawaje. Dakika 15 zinatosha, mezani, mtu mzima akiwa karibu. Kitandani usiingie.

Chaji: mingi ina tundu la USB-C lakini haikubali kebo ya C kwa C, kwa kuwa mtengenezaji ameruka vile viresista viwili, vipande vidogo vya umeme vinavyoiambia chaja kuna kifaa. Fundi wa simu atakwambia betri imekufa. Jaribu kwanza kebo yenye USB ya kawaida (A) upande mmoja na C upande wa pili kwenye chaja ya volti 5, kifaa kikiwa nje ya manyoya. Kidude kikianza kuvimba au mshono wa plastiki ukiachana, usikichaji tena.

Usalama si hadithi ya kutisha watu. Februari 2017 Ujerumani ilipiga marufuku mdoli uitwao My Friend Cayla na kuuita kifaa cha kusikiliza kwa siri, maana yeyote aliye karibu aliweza kuuunganisha kwa Bluetooth bila nambari ya siri. Jaribu hilo dukani kwa simu ya pili. Ikiunganika na kutoa sauti bila kuulizwa chochote, ondoka. Novemba 2025 dubu wa FoloToy aitwaye Kumma alionekana katika majaribio ya shirika la watumiaji la PIRG huko Marekani akieleza mambo ya viberiti, visu na ngono. Vizuizi vya modeli hulegea mazungumzo yanaporefuka, kwa hiyo zile dakika 15 zina sababu ya pili. Hapa kwetu, kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto kushughulikiwa. Katika kujiandikisha tumia jina la kubuni, usiweke picha wala jina la shule.

Muulize muuzaji pia huduma ya seva ni ya muda gani na baada ya hapo malipo ni kiasi gani. Moxie, roboti ya dola 799, iliingia hatarini kupoteza uhai kwa njia hiyo: Desemba 2024 kampuni yake, Embodied, ilitangaza inafunga, na akili yote ilikuwa kwenye seva. Mdoli usio na jina hauna hata wa kukutangazia.

Ukitaka kumpa binamu au kuuza, kurudisha mipangilio ya kiwandani hakutoshi. Anza kwenye programu: futa historia ya mazungumzo, tenganisha mdoli na akaunti, kisha futa akaunti yenyewe, na kuondoa programu kwenye simu kuje mwisho. Ukiiondoa kwanza, rekodi zinaweza kubaki kwenye seva, na atakayeuchukua mdoli huenda akakuta bado umefungwa kwa akaunti yako.