Siku 3 kwenye vibanda vya kando ya Ruaha Mkuu na bi mkubwa: nitarudi, ila kuna jambo

Wikiendi ya Siku ya Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba, tulienda kulala kwenye kambi moja ya kando ya mto Ruaha Mkuu upande wa Iringa, ng'ambo ya mto ndo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha yenyewe. Tangu nirudi Dodoma watu wananiuliza ilikuaje kwahiyo naandika yote hapa mara moja. Jina la kambi silitaji maana kuna kitu walitukosea kabisa na sitaki kuwaharibia riziki wale wafanyakazi wa chini, ambao kiukweli ndo walifanya safari yetu ikawa safari.

Tulikuwa sita, mimi na mke wangu, watoto wawili, mdogo wangu wa kike na bi mkubwa, yaani mama yangu mzazi. Bi mkubwa ana miaka 68 na goti la kulia linamsumbua. Hilo goti lishikeni.

Tulitoka Nkuhungu saa 11 alfajiri. Mpaka Iringa ni lami tupu, Mpunguzi, Fufu, Chipogoro, unashtukia uko Mtera. Pale tukashuka kununua perege, bi mkubwa hataki kuchaguliwa samaki, alikuwa anafunua matamvua ya mmoja mmoja anaangalia wekundu, muuzaji wa watu amesimama tu anamwambia mama chukua muda wako. Watoto wakaniuliza haya maji yote yanatoka wapi nikawaambia ndo mto huohuo tunaoenda kulala kando yake, unatoka kule bonde la Usangu, Mbeya, unapita hifadhini, unaingia hili bwawa unazungusha mitambo ya megawati 80 alafu unateremka Kidatu unazungusha mingine. Walibaki wanaangalia bwawa kwa adabu. Baada ya hapo mlima Nyang'oro, Iringa tukala na kujaza mafuta (jazeni hapo, msisubiri mbele), kisha rafu rodi kilomita 100 na ushee, vumbi mpaka kwenye meno.

Sasa mto. Kwenye picha walizonitumia wasap kibanda kiko hapa na maji yanapita pale chini, yamejaa. Tumefika, mchanga. Mchanga mweupe mpana, na madimbwi mawili matatu yenye viboko wamebanana. Mke wangu alinyong'onyea kabisa, akasema baba nanii tumepotea njia au. Mimi nilijua kidogo kwamba Oktoba ni kiangazi kimeshika lakini sikutegemea vile. Na hii si siri wala si jambo la mwaka huu, tangu 1993 Ruaha Mkuu unakatika wakati wa kiangazi, maji yanaishia huko juu Usangu kwenye mashamba ya mpunga na bonde la Ihefu likikauka huku chini hakishuki kitu. Kambi wanajua hilo kuliko mtu yeyote, kwahiyo mteja akiuliza nafasi za Oktoba atumiwe picha za Oktoba. Hilo ni la kwanza nililowaambia na narudia.

Lakini sasa, na hapa nisikilizeni vizuri, ule ukavu ndo ulituonyesha kitu ambacho mto ukijaa hukioni. Jumapili asubuhi tumekaa kibarazani na chai, wakaja tembo sita katikati ya mchanga, si mbali, bila darubini unaona kope. Jike moja kubwa likasimama likaanza kukwangua kwa mguu wa mbele, taratibu, linakwangua linapumzika, linakwangua linapumzika, shimo likafika kama ndoo mbili kwenda chini, likaingiza mkonga likatulia. Maji ya kwanza halikunywa, yalikuwa tope, likayamwaga pembeni. Ya pili likamwaga. Ya tatu ndo likapeleka mdomoni. Mtoto wake alikuwa anasukuma kichwa apate nafasi anakatazwa kwa mguu, mpaka mama yake alipomaliza. Walipoondoka wakaja nyani kwenye shimo lilelile, baada ya nyani kanga. Bi mkubwa aliyezaliwa Mvumi akasema na sisi tulikuwa tunafukua hivihivi kwenye korongo, unasubiri yatuame, unachota kwa kibuyu, akatusimulia mambo ya utoto wake ambayo mimi mwanae wa kwanza nilikuwa sijawahi kuyasikia. Chai ilipoa yote. Hiyo asubuhi peke yake inalipa safari nzima.

Sasa lile jambo. Nilibuku mwezi mzima kabla, vibanda viwili, na nikaandika wazi kimoja kiwe self, choo humohumo ndani, kwa sababu ya mama na goti lake. Wakajibu sawa kaka, nikatuma nusu ya hela kwa M-Pesa, meseji ninazo mpaka leo. Tumefika mapokezi naambiwa kile cha self wamepewa wageni wengine waliokuja na kampuni ya utalii, sisi tutumie vya choo cha nje, "si mbali kaka". Ni hatua kama 40, gizani, kando ya mto wenye viboko. Niliumia sana. Mtu unaambiwa kwa sauti ya upole kabisa kwamba aliyekuja na gari la utalii anastahili zaidi ya mama yako, na hela umelipa wewe kwanza. Meneja hayupo, simu haipokelewi mpaka kesho yake.

Usiku saa 8 bi mkubwa akaniamsha anataka kutoka. Nikawasha tochi, mlinzi wa zamu, mzee wa Kihehe, alikuwa ameshasogea kabla sijafungua mlango vizuri, akaninyooshea kiganja nisimame. Sikuona kitu. Nikasikia tu, krr, krr, krr, kama mtu anang'oa majani kwa mikono miwili. Kiboko, kati yetu na choo, anakula zake nyasi. Mzee akaninong'oneza, "Mwanangu, usimmulike machoni na usikae kati yake na maji. Huyu akitishika anakimbilia mtoni, na aliye njiani ndo anaumia." Tukasimama mlangoni robo saa nzima, bi mkubwa ameshika mkono wangu na mwingine ameshika fremu ya mlango kwa sababu ya goti, hasemi kitu. Yule mzee akazunguka nyuma ya kibanda bila sauti akarudi na ndoo yenye mfuniko akamwambia, "Mama, tumia hii humuhumu ndani, asubuhi mimi nitaishughulikia, usione aibu, mimi pia nina mama." Kwakweli pale machozi yalinilenga.

Asubuhi nilimfata nimshukuru, bi mkubwa akatangulia kumsalimia kwa Kigogo "Mbukwenyi" naye akajibu kwa Kihehe "Kamwene", wakacheka wakakaa kwenye gogo saa nzima wanaongea mambo ya mvua. Usiku uliofuata alikuja mwenyewe kila baada ya muda kuuliza kama kuna anayetaka kutoka. Kambi ikimpoteza yule mzee imepoteza kitu kikubwa kuliko vibanda vyote.

Vibanda vyenyewe ni vizuri, mawe na makuti, vitanda imara, shuka safi, vyandarua havina tundu, nilikagua vyote. Taa ni za sola, ikifika saa 4 usiku zinafifia kwahiyo beba tochi na pawabenki. Mtandao unashika ukisimama karibu na jikoni tu. Mbung'o wapo na wanauma hasa, mdogo wangu alivaa jinzi ya bluu iliyokolea, rangi hiyo na nyeusi ndo wanazipenda, alihangaika siku nzima mpaka akaomba khanga ya mama.

Chakula sina neno baya. Dada wa jikoni alipokea perege wetu wa Mtera bila kutulipisha hela ya kupika, akawakaanga wakakauka vizuri, na aliposikia bi mkubwa ni Mgogo akatoka akauliza kijijini akarudi na mlenda. Mlenda mkavu wa kienyeji! Mama alikula ugali mara mbili, nyumbani huwa anakula nusu.

Meneja alikuja kuonekana siku ya mwisho. Nilimuonyesha meseji zangu moja baada ya nyingine, sikupandisha sauti, nikamwambia kaka mimi sijaja kuomba punguzo, nimekuja kuuliza mama yangu angekanyagwa usiku ule wa kwanza ungeiambia nini familia. Alikaa kimya, akaomba radhi kwa bi mkubwa uso kwa uso, akarudisha elfu 30 kwa kila usiku wa kile kibanda, na kilikuwa elfu 90. Niliipokea. Nikamwambia pia kibanda chenye choo cha nje kisipewe mtu mzima au mwenye mtoto mdogo bila kuambiwa kabla, na kila kibanda kiwe na ndoo yenye mfuniko, ni shilingi ngapi ndoo.

Mwenye nia ya kwenda aulize mambo mawili kabla hajatuma hela, mto uko na maji kiasi gani mwezi huo na choo kiko wapi, na jibu aandikiwe asiambiwe kwa mdomo. Sisi tumeshabuku tena mwezi wa 6 watoto wakifunga shule, safari hii nimeandika na namba ya kibanda, namba 2, wamejibu na picha ya choo cha ndani. Bi mkubwa ameshanunua kitenge cha kumpelekea mke wa yule mzee.